Jinsi ya kufunga mikanda ya usalama katika Volkswagen Beetle ya zamani kabla ya kuibebea familia

Volkswagen Beetle ni gari gumu. Lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962 katika barabara ambazo ziliyashinda magari mengi makubwa na ya bei ghali, na hadi leo zipo Beetle za umri wa zaidi ya miaka 50 zinazotembea Nairobi, Mombasa na Arusha zikiwa na injini zake za asili. Hata hivyo, ugumu wa gari hauwasaidii waliomo ndani ikiwa wao wenyewe hawakufungwa kwenye gari hilo. Gari likigonga kitu huanza kusimama, lakini abiria aliyekaa bila mkanda huendelea na mwendo uleule hadi azuiwe na usukani, kioo au mgongo wa kiti kilicho mbele yake.

Mkanda wa pointi tatu tunaoufahamu leo, unaopita kiunoni na begani, ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo na kuanza kuwekwa katika magari ya kampuni hiyo mwaka 1959. Marekani ilianza kuyalazimisha magari mapya kuwa na mikanda mwaka 1968. Kwa hiyo Beetle ya miaka ya 1950 au ya 1960 iliyouzwa kwingineko huenda ilitoka kiwandani bila mkanda hata mmoja, na iliyokuwa nao inawezekana kwamba mkanda wake umekwisha kuoza kwa jua. Huku kwetu mkanda ulizoeleka hasa tangu mwaka 2004, pale John Michuki, akiwa Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, alipolazimisha kila matatu iwe na mkanda kwa kila abiria. Mwenye gari la kale asingoje kulazimishwa, hata pale ambapo sheria inalisamehe gari lake kwa sababu ya umri.

Kabla ya kushika spana, ni vizuri kuelewa nguvu tunayotaka kuizuia. Chukua gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, likagonga na kusimama ndani ya sentimita 60 hivi. Mwili wa abiria utavutwa mbele kwa nguvu inayokaribia mara 16 ya uzito wake. Mtu mzima wa kilo 70 ataukaza mkanda kwa nguvu inayolingana na kuning'iniza mzigo wa zaidi ya kilo 1,100, na mtoto wa kilo 20 kwa zaidi ya kilo 300. Hakuna mzazi anayeweza kuzuia kilo 300 kwa mikono yake, hata ampakate mtoto kwa upendo wote alionao. Hesabu hiyo ndiyo inayoongoza kazi nzima ifuatayo, kwa sababu utepe wa mkanda mpya una uwezo wa kustahimili nguvu hiyo, lakini bati la gari la mwaka 1965 lililoliwa na kutu halina.

Hatua ya kwanza: amua idadi ya abiria

Kaa na familia yako muamue gari litabeba watu wangapi, kisha mshikilie uamuzi huo. Kwa maoni yangu Beetle ni gari la watu wanne: wawili mbele na wawili nyuma, kila mmoja na mkanda wake wa pointi tatu. Nafasi ya katikati ya kiti cha nyuma haina mahali pazuri pa kufungia sehemu ya begani, na kwa kawaida hubaki na mkanda wa kiunoni pekee, ambao humzuia mtu asirushwe nje lakini humwacha akikunjika na kugonga kichwa mbele. Ikiwa familia ina watu watano, watano hao wasisafiri pamoja katika gari hilo. Mkanda mmoja usifungwe watoto wawili, kwani katika ajali wataumizana wao kwa wao.

Hatua ya pili: kagua bati lote litakaloshika mkanda

Hii ndiyo hatua inayostahili muda mwingi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa sababu haionekani baada ya kazi kukamilika. Toa viti vyote, toa zulia na kila kitambaa cha sakafuni, kisha litazame gari likiwa tupu kutoka juu na kutoka chini. Likiinuliwa, liegemezwe juu ya vyuma imara vya kusimamishia gari, kamwe si jeki peke yake.

Katika Beetle kutu ina makazi yake yanayojulikana. Mahali pa kwanza ni chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, ambapo betri hukaa. Tindikali inayovuja kwa miaka mingi hulila bati hilo hadi likawa na matundu, wakati mwingine chini ya rangi nyeusi ya kuzuia kutu inayoonekana salama kabisa. Mahali pa pili ni ile mifereji ya hewa ya moto inayopita chini ya milango, kushoto na kulia. Mifereji hiyo ni mapitio ya hewa, lakini pia ni mihimili ya bodi, na ikioza, bodi haina tena pale inaposhikamana imara na sakafu. Mahali pa tatu ni kingo za sakafu zenyewe, pale bodi inapofungwa kwa bolti nyingi ndogo, na pa nne ni sehemu ya chini ya nguzo za milango.

Chukua bisibisi butu na uisukume kwa nguvu kila sehemu hizo. Bati zima hurudisha mlio mkavu na bisibisi haizami. Bati lililooza hubonyea, hupasuka au hutoa unga wa kahawia. Ukwangue utomvu au rangi nene iliyopakwa, kwa maana gari la pwani lililoishi karibu na hewa ya chumvi linaweza kuwa limezibwa kwa gundi na kitambaa mahali palipohitaji bati jipya. Ukigundua uozo, simamisha kazi ya mikanda. Tafuta fundi bodi mzuri akate sehemu iliyooza yote na kuchomelea bati jipya la unene uleule; nusu za sakafu ya Beetle bado zinatengenezwa na kuuzwa zikiwa mpya, na kuzibadilisha ni kazi ambayo mafundi wengi wameizoea. Kufunga mkanda kwenye bati bovu ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu anayeuvaa huamini kwamba amelindwa.

Hatua ya tatu: tafuta matundu yaliyowekwa na kiwanda

Beetle nyingi za nusu ya pili ya miaka ya 1960 na za miaka ya 1970 zina matundu yenye hesi (mikato ya ndani inayoishika bolti) yaliyotayarishwa kwa ajili ya mikanda, hata kama mikanda yenyewe haikuwahi kufungwa. Yatafute juu ya nguzo ya mlango nyuma ya bega la dereva, pembeni mwa sakafu nyuma ya kiti cha mbele, kwenye ubavu wa ule mwinuko wa katikati ya sakafu, na nyuma ya kalio la kiti cha nyuma pale bati linapopanda. Mara nyingi hufichwa na kizibo cha plastiki, zulia au kitambaa cha ukutani, na unaweza kuyahisi kwa kidole kabla ya kuyaona. Tundu la kiwandani lina thamani kubwa kwa sababu nyuma yake kuna chuma kinene kilichochomelewa wakati gari likiundwa.

Hesi ya matundu hayo kwa kawaida ni ya inchi 7/16 yenye mizunguko 20 kwa kila inchi, kipimo ambacho magari mengi duniani hukitumia kwa mikanda. Kipimo hicho ni takriban milimita 11.1, kwa hiyo bolti ya milimita 12 haiingii, na fundi akiilazimisha ataiharibu hesi bila kujua. Safisha tundu kwa tepu ya kuchongea hesi ya kipimo hichohicho, ukiizungusha taratibu kwa mkono na mafuta kidogo, kisha ingiza bolti kwa vidole. Ikiingia kwa ulaini hadi mwisho bila kucheza, tundu ni zima.

Hatua ya nne: nunua mikanda mipya

Usinunue mkanda uliokwisha kutumika, hata ukiwa safi na wa bei nafuu. Katika maduka ya vipuri vya mitumba ya Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba mkanda ulioko mezani haukutolewa kwenye gari lililopata ajali, na mkanda uliokwisha kuzuia mtu mara moja huwa umenyooka nyuzi zake na hauwezi kufanya kazi hiyo tena kama inavyopaswa. Injini ya mitumba inaweza kupimwa na kukarabatiwa, lakini nyuzi za mkanda hazikarabatiki.

Tafuta mkanda mpya wenye lebo iliyoshonwa kwenye utepe, ambayo ina herufi E na namba ndani ya duara. Alama hiyo inaonyesha kwamba aina hiyo ya mkanda ilipimwa na kuidhinishwa kwa mujibu wa Kanuni Namba 16 ya Umoja wa Mataifa. Kifungio kiwe cha kubonyeza chenye kitufe chekundu, ambacho hata mpita njia anayekuja kuokoa watu atakitambua mara moja. Zipo pia tepe mpya zenye vifungio vya chuma vya mtindo wa zamani, ambazo hupendeza sana katika gari la maonyesho, lakini kwa gari la kubebea watoto ningechagua kitufe chekundu bila kusita.

Kisha amua kati ya mkanda unaorekebishwa kwa mkono na ule unaojivuta wenyewe kwa rili. Ule wa kwanza ni mwepesi kufunga, hauna kitu cha kuharibika, na unafaa kwa gari lisilo na nafasi ya rili. Kasoro yake ni kwamba kila anayekaa lazima aukaze upya, na watu wakizoea huuacha ukilegea. Ule wa pili hujikaza wenyewe na ndio ninaoupendelea kwa familia, isipokuwa rili yake ina sharti moja kubwa. Ndani yake kuna kifaa kinachohisi mlalo wa gari, na kifaa hicho hufanya kazi tu rili ikifungwa kwa pembe iliyoandikwa na mtengenezaji. Ikiinamishwa vibaya, mkanda utagoma kutoka, au hautajifunga gari linapofunga breki ghafla. Kwa Beetle nunua rili yenye kibamba kinachoweza kugeuzwa pembe, kwa sababu sehemu za chini za nguzo zake si wima kamili. Waulize wauzaji pia urefu wa shina la kifungio: kikifika mahali pake kinapaswa kukaa kando ya nyonga, si juu ya tumbo.

Hatua ya tano: tengeneza vishikio vipya pale ambapo havipo

Kabla ya kutoboa chochote, toa waya wa betri. Ndani ya mwinuko wa katikati ya sakafu ya Beetle hupita bomba la petroli, kebo ya klachi, kebo ya pedali ya mafuta, kebo za handibreki na fimbo ya gia, kwa hiyo pasitobolewe bila kujua kwa hakika kilichopo upande wa pili. Ikiwa gari lako halina tundu la kiwandani mahali hapo, kazi hiyo iachiwe fundi mwenye uzoefu wa gari hili.

Sakafuni kishikio kipya hutengenezwa kwa bamba la chuma linalowekwa upande wa chini wa bati, ili nguvu ya mkanda ilivute bamba zima dhidi ya sakafu badala ya kuing'oa bolti peke yake. Kipimo cha chini ambacho shirikisho la mbio za magari duniani, FIA, linakidai kwa magari ya mashindano ni unene wa milimita 3 na eneo la sentimita mraba 40, na sioni sababu ya familia kukubali pungufu ya hapo. Bamba la sentimita 8 kwa 6 linatosha. Zungusha pembe zake kwa tupa na ulainishe kingo, kwa sababu kona kali hukata bati wakati wa mshtuko. Bolti ziwe za daraja la 8.8 au zaidi, alama ambayo huchongwa kichwani mwa bolti. Bolti isiyo na alama yoyote haifai kwa kazi hii. Washa pana ya dukani haiwezi kuchukua nafasi ya bamba.

Nguzo ya mlango ni habari nyingine. Ndani yake ni tupu na bati lake ni jembamba, kwa hiyo skrubu za kujitoboa wala nati za kubana hazifai hapo. Njia sahihi ni kufungua sehemu ndogo ya nguzo, kuingiza bamba lenye nati iliyokwisha kuchomelewa nyuma yake, kulichomelea pande zote, kisha kufunga na kupaka dawa ya kutu. Nati ichomelewe kwenye bamba kabla ya mkanda kuwapo karibu, kwani cheche moja juu ya utepe hutosha kuuharibu. Mchomeleaji awe mtu ambaye umewahi kuona kazi yake ikikatwa na kukaguliwa. Atoe pia kitambaa cha dari na cha milango, na chombo cha kuzimia moto kiwe karibu, kwa kuwa tangi la petroli la Beetle liko mbele tu ya miguu ya abiria.

Hatua ya sita: funga mikanda kwa pembe sahihi

Sehemu ya kiunoni inapaswa kushuka kutoka kwenye nyonga kwenda kwenye kishikio kwa mteremko wa kati ya digrii 45 na 70 kutoka mlalo wa sakafu. Ikilala sana, mwili utateleza chini ya mkanda na utepe utapanda tumboni, mahali penye ini na matumbo yasiyolindwa na mfupa. Kishikio cha juu kiwe usawa wa bega au juu yake kidogo na nyuma yake. Kikiwa chini ya bega, mkanda utalivuta bega kuelekea chini na kuukandamiza uti wa mgongo. Mpime kila mtu atakayekaa hapo akiwa kitini, kwa kuwa pembe inayomfaa baba mrefu huenda isimfae mama.

Kibamba cha mwisho wa mkanda lazima kiweze kuzunguka kidogo kufuata mvuto, ndiyo maana mikanda huja na washa ya mawimbi na bushi ndogo. Fuata mpangilio ulio kwenye karatasi ya maelekezo, na ukaze kila bolti kwa spana ya kupimia nguvu hadi kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Utepe usijikunje, na usipite juu ya ukingo wowote wa chuma.

Hatua ya saba: kagua viti vyenyewe

Mkanda humshika mtu, si kiti. Katika Beetle migongo ya viti vya mbele hukunjwa ili watu waingie nyuma, na katika matoleo ya zamani hakuna kitasa cha kuizuia isijikunje yenyewe wakati wa breki kali. Weka viti vyenye kitasa, au tafuta fundi aongeze kitasa imara. Tazama pia reli za viti. Zikichakaa, kiti kinaweza kuruka nje ya reli, na dereva akajikuta mbali na pedali.

Kiti cha nyuma kina hatari yake ya peke yake, ambayo watu wengi wa Beetle wanaijua na wengine wengi hawajawahi kuisikia. Springi za kalio la kiti zipo juu kidogo tu ya betri, na abiria mzito au mkanda uliokazwa unaweza kuzibonyeza hadi ziguse vichwa vya betri na kuwasha moto. Weka kifuniko kigumu cha plastiki juu ya betri kabla ya mtu yeyote kukaa nyuma, na uhakikishe kalio la kiti limefungwa kwa mkanda mdogo au ndoano ili lisiruke.

Hatua ya nane: watoto

Mtoto mdogo anahitaji kiti chake, na Beetle haina ndoano za kisasa za kukifungia, kwa hiyo chagua kiti ambacho mtengenezaji amesema kinafungwa kwa mkanda wa gari wa pointi tatu. Mtoto wa chini ya miezi 15 akae akitazama nyuma, na abaki hivyo muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu. Kiti cha kumwinua mtoto mkubwa kitumike tu pamoja na mkanda wa pointi tatu, wenye sehemu ya begani, kamwe si na mkanda wa kiunoni pekee. Jaribu kiti katika gari kabla ya kukinunua, maana urefu wa shina la kifungio na umbo la kiti cha nyuma cha Beetle huvikataa viti vingi vya kisasa.

Kwa mfano wa sheria nzuri, Uingereza inaruhusu gari la kale lisilo na mikanda kuendeshwa, lakini inakataza kumbeba humo mtoto wa chini ya miaka mitatu, na wale waliozidi umri huo lazima wakae nyuma. Ikiwa kazi yako ya mikanda haijakamilika na unataka kulipeleka gari kwenye maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance pale Ngong, watoto waende kwa gari jingine.

Hatua ya tisa: jaribu, kisha rudia ukaguzi

Kila mkanda wa rili uvutwe kwa ghafla na ujifunge. Kaa, uegemee mbele kwa nguvu zako zote, na mwenzako atazame kutoka chini kama bati linabonyea au bamba linasogea. Kisha nenda kwenye uwanja mtupu, wewe na mtu mzima mmoja tu, uendeshe kwa kilomita 20 kwa saa na ufunge breki kwa nguvu; rili zote zishike, na migongo ya viti isitikisike. Liegeshe gari pia kwenye mteremko na uone kama mkanda bado unatoka.

Baada ya safari chache za mwanzo kagua tena ukazo wa kila bolti, kwa kuwa rangi mpya na bati jipya hujipanga zinapobebeshwa mzigo. Baada ya hapo kagua mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa mvua, zulia likiwa limetolewa. Mkanda wenye nyuzi zilizochanika au rangi iliyofifia kwa jua ubadilishwe wote, na mkanda wowote uliokuwa umevaliwa wakati wa ajali, hata ndogo, utolewe na kukatwa vipande ili usirudi sokoni. Iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi kuhusu vishikio ulivyoongeza, ukiambatisha picha za mabamba kabla hayajafunikwa na zulia.